Koteji ya marehemu mzee Diani: kaunti wanataka, utalii wanataka, KRA nao... tulipe nini na itatulipa kweli?

SWALI: Shikamoo kaka. Mzee wetu alifariki mwaka juzi akatuachia koteji ya vyumba vitatu hapo Diani, mstari wa pili kutoka baharini, paa la makuti, na hati ni ya lisi, yaani ardhi imekodishwa na serikali kwa miaka fulani. Tuko ndugu wanne, mmoja yuko Doha. Tumekuwa tukilaza wageni wa wikiendi na Desemba kupitia Airbnb na Booking.com. Sasa imekuja notisi ya reti za kaunti kwa jina la mzee na penalti juu yake, halafu kuna mtu kapita akamwambia keateka, yule mtunza nyumba wetu, ati tunadaiwa asilimia 2 ya utalii. KRA, wale wa ushuru, hatujawahi kuwalipa chochote cha hiyo nyumba. Tulipe nini na tuwache nini? Tena kuna mzee wa Kijerumani anataka kukodi mwaka mzima kwa 60,000 kwa mwezi, tumpe? Na kaka yangu anasema tukichimba bwawa la kuogelea bei itapanda, ni kweli?

JIBU: Marahaba dada, na poleni na mzee. Umeuliza mambo matano kwa pamoja lakini yote yanatoka sehemu moja, kwa hivyo ntayajibu kwa mpangilio wangu, usinikasirikie nikianza na kitu hujauliza.

Kabla ya yote tenganisha madeni mawili kichwani. Kuna pesa unazodaiwa hata nyumba ikikaa tupu mwaka mzima imefungwa na kufuli, na kuna pesa unazodaiwa kwa sababu mgeni amelala. Watu wengi wenye koteji huku Pwani wanazichanganya, wanalia ati serikali imewamaliza, ukikaa nao ukapiga hesabu unakuta kodi zote kwa jumla hazifiki hata nusu ya kile wanachomlipa keateka kwa mwaka, sembuse makuti. Kinachoua koteji ni chumvi, paa, na miezi ya Mei na Juni mvua inanyesha na hakuna mtu. Kodi ni kitu unaweza kuhesabu mapema, bahari huwezi.

Sasa lile hujauliza: mirathi. Hujasema kama mmepata barua ya usimamizi kutoka kortini, na nikisoma ulivyoandika naona kama bado. Dada, Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na ni kosa la jinai kabisa si mchezo. Kupangisha nyumba ya mzee na kugawana pesa kabla hamjapata barua kunaingia hapo hapo. Sisemi polisi watakuja kesho, hiyo hutokea zaidi ndugu wakikosana, mmoja akikasirika juu ya pesa za Desemba anakwenda na kifungu hicho mkononi na nyote mnakaa kwenye benchi la korti. Kwa hivyo nendeni kortini, au kwa Kadhi kama nyinyi ni Waislamu, chagueni msimamizi mmoja au wawili, na kila kitu nitakachotaja hapa chini, leseni, akaunti ya benki, bukingi, kipitie kwa msimamizi huyo. Hiyo ya kila mmoja kupokea M-Pesa ya mgeni aliyemleta yeye ikome mara moja.

Reti za kaunti, yaani kodi ya mali inayotozwa na kaunti. Hizi ni zile za kundi la kwanza, nyumba tupu au imejaa zinakuja tu. Katiba ya 2010 kifungu cha 209 ndiyo inazipa kaunti haki ya kutoza reti za mali, kwa hivyo kaunti yenu ya Kwale hawajabuni kitu. Kinachohesabiwa ni thamani iliyo kwenye daftari la uthamini la kaunti, na mara nyingi miaka yote ilikuwa thamani ya ardhi peke yake bila kuangalia jengo, ndiyo maana mtu mwenye kibanda na mtu mwenye ghorofa ploti zikilingana walikuwa wanalipa sawa na kila mtu anashangaa. Sheria mpya ya reti ya kitaifa ya 2024 inazipa kaunti nafasi ya kutumia njia zaidi, hata kuhesabu jengo, na inataka daftari lifanywe upya kila miaka 5, kwa hivyo usitegemee kiwango cha mzee kibaki pale pale.

Notisi kuwa na jina la mzee haiifuti. Deni linafuata ardhi, halifuati mtu, na siku mtakapotaka kuhamisha hati au kuuza mtaombwa cheti cha kuonyesha hamdaiwi reti, hapo ndipo kila shilingi itafukuliwa na riba yake. Pia mtu yeyote anaweza kwenda kulipa reti za ploti, kulipa hakumpi umiliki, kwa hivyo kama kuna ndugu anaogopa ati mwenzake akilipa atajidai nyumba ni yake, mwambie risiti ya reti si hati.

Lakini usikimbilie kulipa hiyo namba iliyo kwenye notisi. Ingia kwenye makabrasha ya mzee kwanza, wazee wa zamani hawakutupa karatasi, tafuta risiti zote hasa za kabla ya 2013 wakati ilikuwa bado baraza la zamani la kaunti, kwa sababu malipo mengi ya enzi hizo hayakuingia vizuri kwenye mfumo wa kaunti mpya. Chukua na kopi ya hati na cheti cha utafutaji kutoka ofisi ya ardhi. Ukifika uliza waonyeshe akaunti ya ploti mwaka kwa mwaka, angalia namba ya ploti ni yenyewe, angalia ukubwa wa ekari, maana ploti iliyokatwa ikabaki kwenye kumbukumbu na ukubwa wake wa zamani utalipa reti za jirani. Baada ya kukubaliana deni halisi ni ngapi ndiyo uulize kuhusu msamaha wa penalti. Kaunti hutangaza misamaha ya riba na penalti mara kwa mara, hasa zikitaka pesa za haraka karibu na mwisho wa mwaka wa fedha mwezi wa Juni, na hata bila tangazo unaweza kuandika barua ukaomba mpango wa kulipa kidogo kidogo. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti pekee.

Umesema hati ni ya lisi, basi kuna na kitu cha pili ambacho hukukitaja na nahisi hamjui kipo: renti ya ardhi. Hii haiendi kaunti, inaenda serikali kuu kupitia wizara ya ardhi, inalipwa kila Januari, na kiwango chake kimeandikwa ndani ya lisi yenyewe. Zenye hati ya kudumu hazilipi hii, za lisi zinalipa. Nyingi huwa ni pesa ndogo mpaka watu wanaisahau, halafu inakusanya riba miaka 15. Ukiwa unasoma hiyo lisi angalia na inaisha mwaka gani. Kama imebaki miaka kidogo, hilo la kuomba nyongeza lipeleke mbele ya bwawa, mbele ya makuti, mbele ya kila kitu, manake mtakuwa mnapaka rangi nyumba iliyo juu ya ardhi inayorudi kwa serikali.

Pengine unajiuliza pia kama kulaza wageni kunapandisha reti. Mgeni mwenyewe hapandishi. Kinachoweza kupandisha ni matumizi ya ploti. Kama ploti ni ya makazi na nyinyi mnaendesha biashara, kaunti inaweza kuwataka muombe kubadilisha matumizi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na ploti ya biashara ina hesabu yake. Kwa koteji moja ya vyumba vitatu wengi hawajaguswa, lakini mkianza kuongeza banda na kuweka bango kubwa barabarani, mtaguswa, na bango lenyewe lina ada yake.

Haya twende kwa mgeni.

Ukilaza mgeni kwa pesa unahitaji leseni ya biashara ya kaunti, inafanywa upya kila mwaka, na pamoja nayo huja cheti cha zimamoto na ukaguzi wa afya hasa kama mnapikia wageni. Viwango viko kwenye sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka huo, iombe uisome mwenyewe, ni karatasi ya umma. Cheti cha zimamoto kwa nyumba ya makuti usikichukulie kama karatasi tu. Vile vizimamoto viwe vimejazwa, na jiko la mkaa likae mbali, nishaona wageni wa Desemba wanachoma nyama chini ya upenu wa makuti makavu ya kaskazi na keateka amekaa pembeni anaona haya kuwaambia.

Juu ya hiyo kuna mamlaka ya kudhibiti utalii, TRA, nao wana leseni yao ya kila mwaka. Wenye koteji hudhani ni ya mahoteli, lakini Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja koteji kwa jina kabisa. Na kama mna televisheni na spika za muziki kwa wageni kuna leseni ya muziki, hiyo ndogo, lipa uendelee na maisha yako.

Sasa yule mtu wa asilimia 2. Levi ni ya kweli, si utapeli. Inaitwa levi ya utalii, inakwenda Tourism Fund, ule mfuko wa utalii wa serikali, zamani watu waliiita ya kateringi na wengine mpaka leo wanaiita hivyo. Ni asilimia 2 ya mapato ya malazi, chakula, vinywaji na huduma zingine, inapelekwa kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Levi ni ya kweli, lakini mtu aliyekuja langoni bila barua akaongea na keateka badala ya mwenye nyumba, huyo simjui na wewe humjui. Pesa za serikali kuu siku hizi zinalipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, namba ya paybill ni 222222, mwambie keateka asitoe hata mia tano mkononi kwa mtu yeyote, aombe kitambulisho cha kazi akipige picha na aseme mwenye nyumba atakuja ofisini. Ofisa wa kweli hatakasirika.

Sehemu ambayo watu wanaipotezea pesa ni hapa. Levi inahesabiwa kwa kile mgeni alicholipa, si kwa kile kilichoingia benki. Booking.com kawaida wanakata karibu asilimia 15, kwa hivyo mgeni akilipa 12,000 kwa usiku wewe unaona 10,200, halafu unapiga asilimia 2 ya 10,200 na unadhani umemaliza. Hapana, ni ya 12,000, komisheni ni gharama yako wewe. Na kitu kingine, kama bei uliyotangaza ni ya jumla, levi imo ndani, kwa hivyo unagawanya kwa 1.02: 12,000 inakuwa 11,765 yako na 235 ya levi. Huwezi kumwambia mgeni alipe 12,000 halafu akifika umuongezee 240 mlangoni, atakuandikia rivyu ya nyota mbili kwa sababu ya 240. Weka ndani ya bei tangu mwanzo.

KRA sasa, na hapa nataka uende polepole. Kuna njia mbili tofauti na watu wa koteji huchagua ile wameisikia kwa jirani.

Ukimpangisha mtu akaishi, kama huyo Mjerumani, hiyo ni renti ya makazi. Kwa mkaazi wa Kenya anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, kodi ni asilimia 7.5 ya renti yote, tangu Januari 2024, zamani ilikuwa 10. Unalipa kwa iTax, mtandao wa KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hakuna kutoa gharama, rangi na makuti hayahesabiwi. Rahisi sana, dakika kumi kwa simu.

Ukilaza wageni kwa usiku, na shuka, taulo, mpishi, usafi, hiyo wahasibu wengi wanaisoma kama biashara na wala si renti ya makazi, na sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) yenyewe ikieleza nyumba za makazi ni zipi inatoa nje hoteli na malazi ya likizo. Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka kuna ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, watu wanaiita tanova, nayo kila tarehe 20, nayo pia haitoi gharama. Unaweza kuikataa kwa kuandika barua kwa kamishna ukaingia kodi ya kawaida ya faida ambayo inapanda ngazi kuanzia asilimia 10 mpaka 35 lakini gharama zinatolewa. Mwaka mtakaobadilisha paa lote hiyo ya pili inaweza kuwa nafuu zaidi, mwaka wa kawaida tanova haina kelele. VAT ya asilimia 16 inaanza mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, koteji yenu ya vyumba vitatu haifiki huko, achana nayo. Mkitaka kulala usingizi andikeni kwa KRA mkaeleza hali yenu mpewe uamuzi wa maandishi, sheria ya taratibu za kodi ya 2015 inawapa haki hiyo, na barua hiyo mkiiweka kwenye faili hakuna ofisa atakayekuja miaka mitatu baadaye na tafsiri yake.

Kuhusu zile za nyuma ambazo hamkulipa, msijifiche. Tengenezeni hesabu kutoka kwenye ripoti za Airbnb na Booking.com, zote zinakupa historia ya kila usiku, mpeni mhasibu apeleke ritani kwa hiari kabla KRA hawajauliza. Ukienda mwenyewe mazungumzo huwa tofauti kabisa na ukiletwa.

Ndugu wa Doha: mtu asiye mkaazi wa Kenya kikodi hayumo kwenye ile asilimia 7.5. Renti ya nyumba kwake ni asilimia 30 inayokatwa kabla hajapokea. Kwa hivyo siku mirathi ikigawanywa na jina lake likaingia kwenye hati, mgao wake una hesabu nyingine. Mwambieni sasa asije akadhani mnamuibia.

Mkichagua kodi ya faida mtahitaji risiti za eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, manake tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS KRA hawaikubali. Hapo utaniuliza fundi wa makuti wa Ukunda atatoa wapi eTIMS, ana panga na kamba tu. Kuna njia, muuzaji mdogo mwenye mauzo chini ya milioni 5, mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba yake kwenye mfumo, unahitaji tu akubali na muwe na namba zake. Fanya siku ile ile ya kumlipa, ukingoja wiki mbili fundi ameshaenda Msambweni na simu imezimwa.

Tuje kwa keateka kwa sababu ndiye gharama yenu kubwa ya kila mwezi. Tuseme mnamlipa 18,000. Hafikii kiwango cha PAYE (kodi ya mshahara), lakini kuna NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6 yake na 6 yenu, yaani 1,080 na 1,080, kuna SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75 inayokatwa kwake 495, na ile tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5 yake na 1.5 yenu, 270 na 270. Zote kufikia tarehe 9. Kwenu nyinyi mtu huyo ni 19,350 kwa mwezi, kwa mwaka 232,200. Na yeye anapata mkononi 16,155, kwa hivyo mkubaliane wazi mshahara ni kabla ya makato au baada, hilo ndilo linaloleta kesi za leba. Kumlipa "kienyeji" bila makato ni bei rahisi mpaka siku mnamuachisha kazi.

Sasa bahari, na hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo.

Makuti mazuri yaliyosukwa vizuri yakapangwa kwa kubanana, paa likiwa na mteremko mkali, unaweza kupata miaka 7 mpaka 10. Paa likiwa limelala, au mmewacha mwembe unafunika upande mmoja, upande ule hauli jua, haukauki baada ya masika, unaoza kwa miaka 4. Nenda kasimame ndani mchana taa zimezimwa uangalie juu: ukiona nukta nukta za mwanga karibu na mgongo wa paa, maji yanaingia hapo masika yajayo hata kama sakafu bado ni kavu. Kiraka cha mgongo kabla ya Aprili ni kazi ya siku moja au mbili, ukingoja mpaka boriti za mikoko zilowe na mchwa wafuate, ni paa zima. Halafu tumbili wa Diani. Hao wanachomoa makuti kama wanatafuta deni lao, wanafungua dirisha la jiko, wanafungua hata pipa la taka lisilo na kufuli, na matawi yanayogusa paa ndiyo barabara yao. Kata matawi umeokoa nusu ya shida.

Chumvi ni taratibu zaidi. Mashine ya nje ya kiyoyozi, friji, misumari ya kawaida, bawaba, komeo, geti, vyote vinaliwa hata kwa mstari wa pili. Ukibadilisha bawaba nunua za shaba au chuma kisichoshika kutu hata kama ni bei mara mbili. Mashine za nje zisafishwe na maji yasiyo na chumvi kila mwezi, keateka anaweza, ni kazi ya ndoo mbili. Maji ya kisima sehemu nyingi za Diani yana chumvi chumvi, yanaua hita na kubadilisha rangi ya taulo nyeupe, kwa hivyo kuna gharama ya boza au tanki kubwa ya mvua ambayo wenye bara hawaifikirii.

Stima pia ina mtego wake. Bei ya yuniti ya nyumbani inapanda kwa daraja, chini ya yuniti 30, mpaka 100, na zaidi ya 100, na daraja lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi 3 iliyopita. Kwa hivyo viyoyozi vya Desemba vinakufuata mpaka Machi hata kama nyumba imerudi kuwa tupu. Ukiona tokeni ya elfu moja inatoa yuniti chache Januari usigombane na keateka, si yeye.

Bima, uliza mapema. Makuti yanatozwa juu kuliko vigae, na bima ya nyumba ya kuishi mara nyingi haifidii kama ilikuwa na wageni wa kulipa. Waambie ukweli kwenye fomu.

Haya, Mjerumani. Namba hizi ni za mfano, weka zenu. Yeye 60,000 mara 12 ni 720,000, toa 7.5 kwa mia ambayo ni 54,000, mnabaki na 666,000. Tokeni na maji ni yake, bustani, askari na mshahara wa keateka ni yake kama mtaandika hivyo kwenye mkataba, hakuna levi, hakuna TRA, hakuna shuka.

Wageni wa usiku, 12,000. Toa komisheni 1,800, levi 235, tanova 360, usafi na shuka na tokeni na gesi tuseme 2,000, unabaki na 7,605 kwa kila usiku. Ukiuza usiku 100 kwa mwaka, ambao kwa koteji ya familia isiyo na mtu wa kuisimamia kila siku ni mwaka mzuri, ni 760,500. Toa keateka 232,200 na leseni zote tuseme 30,000, mmebaki na 498,300. Mjerumani amewashinda kwa zaidi ya laki na nusu na hamjaamka usiku hata mara moja kumjibu mgeni anayeuliza nywila ya waifai. Ili mumfikie mnahitaji kama usiku 122. Reti, renti ya ardhi na makuti sikuziweka kwa sababu mtazilipa pande zote mbili.

Kwa hivyo mimi ningempa, kwa mwaka mmoja, na sababu kubwa wala si hiyo laki na nusu. Ni kwamba mirathi haijaisha, mna deni la reti, KRA hamjajipanga, na ndugu wanne. Mwaka mmoja wa pesa inayoingia tarehe moja kwenye akaunti moja utawapa nafasi ya kumaliza hayo yote. Mkataba aandike wakili, uwe wa msimamizi wa mirathi, uwe na picha za kila chumba, useme nani anatengeneza nini, na deposti ya miezi miwili. Kabla hajaingia ziba mgongo wa paa. Ubaya wake ni mmoja, hamtakuwa na pa kufikia Krismasi, na hilo ndugu huwa hawalisemi kwenye mkutano lakini ndilo linawauma, kwa hivyo liseme wewe kwanza.

Bwawa. Kaka yako hajakosea kwamba bei inapanda, picha ya bwawa inauza. Lakini linahitaji pampu kila siku mgeni awepo asiwepo, klorini, maji yanayokauka na upepo wa kaskazi, mtu wa kulisafisha, na uzio kwa ajili ya watoto, na hizo zote ziko kwenye lile kundi la kwanza, la nyumba ikikaa tupu. Pampu hiyo hiyo itawatupa daraja la juu la stima mwaka mzima. Mkiwa chini ya usiku 150 msilichimbe. Hiyo pesa wekeni ya paa, na mkibaki na kitu nunueni tanki ya mvua ya lita 10,000.